Barua Si Talaka

Leo twaandika juu ya talaka. Twajua wako watakaolikunja gazeti mara waonapo neno hilo, na wako wazee watakaouliza kama mwalimu amekosa jambo jema la kuwaambia watu. Twawaomba wavumilie. Tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kisha tutasema tuliyo nayo juu ya makosa ya wengine.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Dimani, mtu mmoja alikuja kwetu usiku baada ya chakula. Mkononi alishika daftari la mtoto wake wa darasa la pili. Tukamkaribisha, tukampa kiti, akakaa kimya kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, mwandiko wako wasifiwa na watu wote. Naomba uniandikie maneno machache ya kumrudisha mwenzangu kwao." Tukamwuliza kama wamekwisha kusemezana mbele ya wazee, akajibu kwamba wamesemezana mpaka maneno yamekwisha. Basi tukaandika. Tuliandika ya kuwa tangu siku ile yule mama si mke wake tena, ya kuwa yu huru kuolewa na amtakaye, wala hana dai lolote kwake. Akatia dole gumba. Tulipomaliza tuliisoma barua ile mara mbili, na twaona haya kusema kwamba tulifurahi, kwa maana ilikuwa imeandikwa vizuri na haikuwa na kosa hata moja la lugha.

Mama yule aliipokea asubuhi, akasomewa na ndugu yake. Akafunga nguo zake na vyombo viwili vitatu, akambeba mtoto mdogo mgongoni, akaenda kwao. Nyuma yake akaacha nyumba aliyoikandika kwa mikono yake, na mikorosho aliyoipalilia miaka 11, na shamba la mpunga bondeni. Kabla mpunga ule haujavunwa, mwanamke mwingine alikuwa akipika katika jiko lile. Hakuna aliyesema neno. Wazee hawakusema, kanisa halikusema ingawa ndoa ile ilifungwa kanisani mbele yetu sote, na sisi tulioandika hatukusema. Wote tulidhani mambo yamekwisha kwa kuwa barua ilikuwapo.

Hayakwisha. Nchi yetu ina Sheria ya Ndoa iliyotungwa mwaka 1971. Kabla ya sheria hiyo kila jamii ilikuwa na taratibu zake: Wakristo zao, Waislamu zao, Wahindu zao, na wenye kufuata mila zao. Sheria ile iliziweka ndoa zote chini ya paa moja, ikawaacha watu wafunge ndoa kwa desturi ya dini yao au ya kabila lao kama walivyozoea. Lakini katika kuifungua ndoa haikuacha milango mingi. Ndoa iliyofungwa hapa huisha kwa kifo, au huisha kwa neno la mahakama: mahakama yaweza kuibatilisha, yaweza kutamka kwamba mmoja adhaniwa amekufa, au yaweza kutoa talaka. Barua haimo katika milango hiyo. Neno la mume halimo. Kurudishwa kwa mahari hakumo, hata ikiwa imehesabiwa shilingi kwa shilingi mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Watu wawili wakikaa mbalimbali miaka 10, huyu Kibiti na yule Mbagala, mwisho wa miaka hiyo ni mume na mke vilevile kama siku ya arusi yao.

Wengine hutujibu kwa Maandiko, husema kwamba Musa aliwapa waume ruhusa ya kuandika hati. Hatutaki kushindana na mtu juu ya Musa. Lakini hukumu za Tanzania hazitolewi kwa Torati, na mtu atakayesimama mbele ya hakimu na hati ya namna hiyo ataulizwa iko wapi amri ya mahakama, naye hatakuwa nayo.

Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika nchi hii ya Rufiji, nao hudhani mara nyingi kwamba sheria hii haiwahusu. Yawahusu. Sheria yaiheshimu talaka ya dini yao kwa njia hii: mambo yakipelekwa kwanza barazani, baraza likashindwa kuwapatanisha, kisha mmoja wao akafanya lile ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama italikubali kuwa ndoa imevunjika, nayo itatoa amri. Kwa hiyo hata kwao neno la mwisho laandikwa mahakamani. Twalisema hili kwa sababu ndugu zetu Wakristo hupenda kusema, "Sisi tumejifunza kwa jirani," nao wamejifunza kwa jirani ambaye naye hakuambiwa.

Sasa sikilizeni lililompata mama yule baadaye, maana kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza.

Baada ya miaka miwili alisikia kwamba kwenye kata kuna Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Habari hiyo ni ya kweli. Sheria yataka kila kata iwe na baraza la namna hiyo, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Hakuna awezaye kufungua shauri la talaka mahakamani kabla ya kupita hapo, ila kwa sababu chache tutakazozitaja. Akaenda. Baraza likamwita mume. Mara ya kwanza alikuja akanena maneno mengi, mara ya pili hakuja. Baraza likaona limeshindwa, likampa yule mama hati ambayo watu huiita Fomu Na. 3. Akaipokea kwa mikono miwili. Akaifunga katika mfuko wa plastiki, akaiweka chini kabisa ya sanduku pamoja na cheti cha ubatizo, akawaambia ndugu zake kwamba sasa ameachwa na Serikali.

Hati ile ilikaa sandukuni karibu mwaka mzima, nayo haikuwa talaka. Hati ya baraza yasema neno moja tu, kwamba wasuluhishi walijaribu kuwapatanisha hawa wawili wakashindwa. Ni ruhusa ya kwenda mahakamani. Tena ruhusa hiyo ina mwisho wake, kwa kuwa sheria yataka shauri lifunguliwe kabla hati haijapita miezi sita. Mama yule alipokwenda mahakamani hatimaye, alisaidiwa kwa upole akaambiwa kwamba karatasi yake imezeeka. Akarudi Dimani kuanza tena mwanzo.

Hapa twataka kusema neno kali. Ni nani aliyempa mtu karatasi pasipo kumweleza maana yake? Kumwambia, "Nenda mahakamani kabla miezi sita haijapita," ni maneno sita. Hatulaumu baraza lolote kwa jina, wala hatusemi kwamba wajumbe ni watu wabaya. Wengi wao wafanya kazi hiyo kwa moyo, na wengine wamezuia ugomvi ambao ungemwaga damu. Lakini yule atoaye hati akanyamaza afanya kama sisi tulioandika barua. Ameshika kalamu, amepiga muhuri, na mwenye shida ametoka amedanganyika.

Wazee wetu wa kanisa nao tuna neno nao. Imekuwa desturi kwamba mume na mke wakigombana huitwa mbele ya wazee, na jambo hilo ni jema. Lakini tumewasikia wazee wakisema, "Sisi tumekwisha kulisikia shauri hili, hapana haja ya kwenda kata." Haja ipo. Waziri aweza kuiteua kamati ya jamii fulani, hata ya dini, iwe baraza la usuluhishi kwa watu wake. Pasipo uteuzi huo wazee wa kanisa hawana uwezo wa kutoa hati itakayopokelewa mahakamani. Mashauri yametupwa, hata katika Mahakama ya Rufani iliyo juu ya zote, kwa sababu hati ya baraza haikuwa sawa, na watu waliokuwa wamehangaika miaka mingi wakarudishwa nyuma. Kwa hiyo mzee apatanishe kadiri awezavyo, aombe nao, awaonye. Lakini akishindwa awaonyeshe njia ya kata, asiizibe.

Sababu za kutopita barazani ni kama hizi: mwenzi aliyemtoroka mwenzake wala hajulikani aliko, aliye nje ya nchi na hatazamiwi kurudi katika miezi sita, aliyeitwa na baraza akakataa kusudi kuja, aliyefungwa maisha au miaka isiyopungua mitano, mwenye ugonjwa wa akili usioponyeka, au pale ambapo mambo ni ya ajabu hata haiwezekani kabisa kupita barazani. Na ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haiombewi talaka ila mahakama yenyewe itoe ruhusa kwa kuona kwamba mwombaji ateseka kupita kiasi.

Wengi hudhani mahakama ya mambo haya iko Dar es Salaam. La. Mahakama ya Mwanzo inao uwezo wa kusikiliza shauri la talaka, kama ilivyo Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi, na Mahakama Kuu. Katika Mahakama ya Mwanzo hunenwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, kwa hiyo hakuna haja ya kuogopa lugha ya kigeni. Mwombaji hueleza majina yao, siku na mahali pa ndoa, watoto na umri wao, mali waliyo nayo, mambo yaliyoivunja ndoa, na lile analoliomba. Huifungasha na hati ya baraza. Mahakama haitatafuta nani ana ulimi mkali zaidi. Yatafuta kama ndoa imevunjika hata haiwezi kutengenezwa. Itasikia habari za uzinzi, za ukatili, za kutelekezwa kwa kusudi, za kuhamwa miaka mitatu au zaidi, za kifungo kirefu, na mengine ya namna hiyo. Na kwa kuwa tumetaja ukatili, ijulikane kwamba sheria hiyohiyo yasema wazi kwamba si mume wala mke aliye na haki ya kumpiga mwenzake. Twamwandikia hili hasa yule asemaye kwamba anamrudi mkewe kama mtoto.

Juu ya mali twataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndipo dhuluma kubwa inapofanyika, nayo hufanyika kwa sauti ya upole. Mama akirudishwa kwao huambiwa, "Ulikuja na kanga zako, rudi na kanga zako." Na watu husikia wakaona ni haki, kwa maana nyumba ni ya mume, na shamba ni la mume, na mikorosho ilinunuliwa kwa fedha ya mume. Je, nani aliyeipalilia? Nani aliyeziokota korosho kwa kuinama tangu alfajiri? Nani aliyewinga ndege katika mpunga, akalala katika dungu na mtoto akilia?

Swali hilo lilifika mbele ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983, katika shauri linalojulikana kwa jina la Bi Hawa Mohamed. Hata siku hizo majaji wa Mahakama Kuu walikuwa hawapatani: wengine walisema kazi ya nyumbani ya mke ni mchango katika kuchuma mali, wengine walisema ni wajibu wake tu na haina hesabu. Jaji Mkuu Francis Nyalali akatoa jibu la mahakama: mke atunzaye nyumba na watoto, akamfanya mumewe apate nafasi ya kwenda kazini, amechangia, na mchango wake uhesabiwe wakati wa kugawa. Lakini msidhani kwamba Bi Hawa alitoka pale na nyumba. Ilionekana kwamba mumewe alimpa fedha za biashara siku za ndoa naye hakuzitumia vema, basi mahakama ikaona sehemu yake alikwisha kuipata. Yeye hakuongezewa, na wanawake wa nchi nzima wakapata kanuni. Tangu siku hiyo hapana mtu awezaye kusema kwa haki kwamba mama wa nyumbani hakuleta kitu.

Walakini sheria haisemi kwamba kila kitu hukatwa nusu kwa nusu. Mahakama hupima mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali na kazi, hutazama madeni waliyoyafanya kwa faida ya wote wawili, mila za jamii yao, na mahitaji ya watoto, kisha huelekea kwenye usawa. Hata kitu ambacho mume alikuwa nacho kabla ya ndoa, kama kilikuzwa sana kwa jasho la wote wawili, huingia katika hesabu. Kwa hiyo mikorosho iliyokuwa michanga siku ya arusi na leo yazaa magunia si ya mmoja tu. Mume asiiuze upesi usiku. Na nyumba wanayokaa mume na mke haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja pasipo idhini ya mwenziwe.

Juu ya watoto, twasikia kila siku kwamba mtoto akitimiza miaka saba baba huja kumchukua kama achukuaye ng'ombe wake. Hiyo si sheria. Sheria yasema kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba hudhaniwa kuwa ni heri akae na mama yake, na hata dhana hiyo yaweza kushindwa kukiwa na sababu. Baada ya miaka saba hapana kengele inayolia. Wakati wote mahakama huuliza lipi lamfaa mtoto, na mtoto mwenye akili za kusema aweza kusikilizwa.

Sasa tuwajibu wale wanaotupinga, kwa kuwa tumekwisha kuyasikia maneno yao.

Mzee mmoja wa kanisa, ambaye twamheshimu sana, alituambia, "Mwalimu, ukiwafundisha watu njia ya mahakamani utawajaza njia hiyo." Twamjibu kwa adabu. Manahodha wa Nyamisati huwaonyesha vijana wao mafungu ya mchanga yalipo katika midomo ya Rufiji, na hatujasikia mtu akisema kwamba wawafundisha kuzama. Tena, Baba, wale watu hawakungoja tuwafundishe. Yule mtu wa daftari hakujua sheria hata moja, na mkewe alitoka vilevile. Kutojua kwetu hakukuokoa ndoa ile. Kuliokoa mikorosho kwa mume.

Wengine husema kwamba Mkristo hana haja na talaka, kwa hiyo hana haja ya kuijua. Sisi hatuandiki ili kulegeza mafundisho ya kanisa lolote. Amri ya mahakama haimlazimishi padri wala mchungaji kubariki ndoa nyingine, na hukumu ya kanisa juu ya ndoa haibadilishi kitu katika daftari la Serikali. Ni mambo mawili, kila moja na mahali pake. Lakini wenye kusema hivi hawajui kwamba sheria yampa mwenye dhamiri ngumu njia nyingine. Yuaweza kuomba amri ya kutengana, ambayo haivunji ndoa bali yawaondolea wajibu wa kukaa pamoja. Yuaweza hata kubaki mke kamili akaiomba mahakama imwamuru mume asiyetunza nyumba yake atoe matunzo. Mama mwenye watoto wanne wenye njaa aambiwapo na sisi, "Vumilia, Mkristo haendi mahakamani," twamnyima chakula ambacho sheria ingempa pasipo kuvunja ndoa yake hata kidogo. Tumekuwa wakali kwa mgonjwa kwa niaba ya daktari ambaye hakututuma.

Na kuna jambo ambalo wenye kupinga hawalitaji. Ndoa iliyofungwa kanisani kwa desturi ya Kikristo ni ya mume mmoja na mke mmoja, na madamu wote wawili wamebaki katika Ukristo haiwezi kugeuzwa kuwa ya wake wengi. Basi yule aliyemtoa mkewe kwa barua akaleta mwingine, anapojiita mwenye wake wawili ajidanganya. Ndoa ya pili ni batili, na kuifunga ni kosa ambalo mtu aweza kushtakiwa. Mwanamke wa pili naye amedhulumiwa, kwa maana aliambiwa kwamba mlango ulikuwa wazi. Hatujamsikia mzee yeyote akimwonya.

Neno la tatu la wapinzani ni kwamba mahakama hula mali. Hili lina ukweli ndani yake, lakini mara nyingi alaye si mahakama. Mama yule, aliporudi kuanza upya, alikutana na mtu mwenye mkoba na shati lililopigwa pasi, aliyejiita mwanasheria. Alimwahidi talaka katika wiki mbili. Akachukua kwake fedha za gunia la korosho, akamwandikia karatasi yenye muhuri wa duara, akaenda zake. Watu wa namna hiyo twawaita vishoka, na jina lawafaa, kwa maana wakata mahali ambapo mti umekwisha kuinama.

Msaada wa kweli upo. Mwaka 2017 ilitungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria, iliyowatambua wasaidizi wa kisheria: watu wa kawaida, wengine ni walimu na wakulima kama sisi, waliofundishwa na kuandikishwa. Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kumtetea mtu kama wakili. Hueleza haki, huonyesha njia, husaidia kuandika karatasi, na humpeleka mwenye shida kwa wakili inapobidi. Asiye na uwezo hupewa msaada huu bure. Anayedai fedha kwa jina la kazi hiyo akimbiwe. Zipo na jumuiya zilizokwisha kufanya kazi hii miaka mingi, kama Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Na mwaka 2023 Serikali nayo ilianza kampeni ya msaada wa kisheria iitwayo kwa jina la Mama Samia, iliyotembeza wanasheria mikoani. Mtu wa Dimani aanze kwa kuuliza ofisi ya kata, au kwa afisa maendeleo ya jamii kule Kibiti, aseme waziwazi, "Nataka msaidizi wa kisheria aliyeandikishwa," na akiletewa mtu aombe kuona cheti chake. Asione haya kukiomba; mwenye cheti hufurahi kukionyesha.

Ada ya mahakama nayo isimtishe mtu, kwani maskini aweza kuomba asamehewe. Aendapo achukue cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya baraza ingali mpya, na majina ya watu walioona alivyofanya kazi. Cheti cha ndoa kikiwa kimepotea, kitabu cha ndoa cha kanisa kitafutwe. Shauri likiisha aombe nakala ya hukumu na ya amri, azitunze. Hizo ndizo za kuweka chini ya sanduku.

Tumesema mengi, na bado hatujasema kwa nini tumeyasema sasa.

Mama yule alimpata msaidizi wa kweli mwaka uliopita. Alipoambiwa kwamba siku zote hizo alikuwa bado mke wa mtu, alicheka, kisha akalia. Amepita tena barazani, akapata hati mpya, na safari hii hakuilaza sandukuni hata mwezi mmoja. Shauri limefunguliwa. Mume naye amejibu. Asema kwamba walikwisha kuachana zamani, kwamba mwenyewe aliridhika akaondoka, na kwamba hana dai lolote juu ya mikorosho; na kwa ushahidi ameleta barua. Ni ileile yetu, kwenye karatasi ya daftari la darasa la pili, na dole gumba chini yake.

Jumapili moja baada ya ibada mama alitungoja chini ya mwembe. Hakutulaumu. Alituamkia, akauliza habari za watoto, kisha akasema, "Mwalimu, ile barua ni mkono wako. Utakuja kuwaambia jinsi ilivyoandikwa?" Tukamwambia tutakuja. Shauri litasikilizwa msimu wa korosho utakapokwisha, na tumekwisha kuomba kwa mwalimu mkuu ruhusa ya siku ile.